Hema Iliyoota Majani Kando ya Elila

Nyundo nimeirudisha. Karani wa magazini, ghala ya vifaa, aliigeuza-geuza, akaniuliza kama iko na kasoro. Nikamwambia nyundo ni nzima, kasoro ni za muntu aliyeishika. Akaandika hivyo hivyo, sijui kwa kizungu inasomekaje.

Sasa niko nyumbani Mikelenge, hapa Kindu. Naamka asubuhi, nasimama mulangoni, natazama mbingu kuona kama leo hema itafunguliwa kavu ao yenye maji, kiisha nakumbuka kwamba nyumba yangu haina kamba. Muke wangu anacheka. Anasema nitachukua mwaka kuzoea kuta.

Ninyi mnaobaki na mahema ya wazungu mumeniomba niwaandikie jinsi kazi hii inavyokwenda. Miye shule yangu ni chuo cha Kurani, na herufi za kizungu nilizijulia kwenye makopo ya maziwa na magunia ya chumvi. Mukikuta neno linachechemea, lishikeni mukono mulivushe. Mambo ya cheo na mushahara sitayasema, hayafundishi muntu kukaza kamba. Nitasema nilivyoanza, na muzee aliyenifundisha, na ile habari ya Elila, maana mnaisimulia vibaya. Mnasema Amisi alimuibia muzungu wake ardhi. Sikuiba. Palikuwa mahali pa watu pa kuegesha mitumbwi na kuloweka mihogo, na ilibaki kidogo tu wafukuzwe pale ili watoto wa wazungu wachezee muchanga. Na aliyewaletea balaa ile ni miye, kwa mukono wangu. Nitafika. Hema haianzwi kwa paa.

Zamani nilikuwa fundi wa kuezeka. Majani, fito, kamba za porini, hiyo njo kazi ya baba yangu. Siku moja akanitumia muntu Bwana Pima, muzungu wa madaraja na barabara. Jina lile tulimpa sisi, sababu alitembea na kipimo cha chuma mufukoni, anapima kila kitu, hata ndizi kabla ya kuila. Alikuwa amepokea hema kubwa kutoka Ulaya, ya vyumba viwili na kibaraza, na watu watatu waliihangaikia tangu asubuhi bila kujua kichwa chake ni kipi. Akasema, "Wewe fundi ya paa. Hii iko paa. Piga."

Nikapiga. Nilipiga vizuri sana, kamba zote zikalia kama ngoma. Kasoro ilikuwa moja: mulango ulitokea juu. Madamu, muke wa Bwana Pima, alizunguka mara mbili akitafuta pa kuingilia, kiisha akaniuliza kwa upole kama nitaleta na ngazi.

Ndiyo hapo wakanitafutia muzee Feruzi. Feruzi alibeba mahema ya wazungu tangu wakati ambao muzungu mwenyewe alibebwa. Alikuwa mufupi, mukavu, na hakupenda maneno. Watu wa Kindu wakati ule walikuwa wanashangaa Bwana Pima. Ana nyumba ya matofali, ana kibaraza, ana kitanda cha chuma, na kila watoto wake wakifunga shule anaiacha yote na kwenda kulala porini ndani ya nguo, yeye na muke na watoto wawili, tena wanacheka. Wengine walisema kuna ugomvi ndani ya nyumba. Feruzi akasema hapana, muntu mwenye ugomvi haendi na muke. Kwake hiyo ilitosha. Hakuuliza tena.

Kazi ya Feruzi ilikuwa hivi, na mimi ninawaachia ninyi kama ilivyo. Kabla hujafungua hema, lala wewe kwanza pale atakapolala muntu. Lala kwa mugongo, kufa kabisa, uhesabu mpaka mia. Mugongo utakuambia kuna muzizi, kuna jiwe, kuna maji chini, kuna siafu wanapita. Macho ni waongo, yanapenda mahali pazuri. Siku moja kwenye njia ya Punia Madamu alimkuta Feruzi amelala hivyo, mikono kifuani, macho yamefungwa, akapiga kelele kwamba muzee amekufa. Feruzi hakufungua macho. Akasema, "Sabini na mbili, sabini na tatu."

Jambo la pili: uliza watu wa mahali. Kila mahali pana wenyewe, hata kama huoni nyumba.

La tatu: vigingi uende navyo kutoka nyumbani, vikavu, vya muti mugumu, ndani ya gunia lake. Kigingi kibichi usikate. Nilimuuliza sababu gani. Akasema, "Kigingi kibichi kina maneno." Nilidhani ni ubishi wa uzee. Wakati ule nilidhani mambo mengi.

Miguu ya Feruzi ilipochoka, nikabaki miye na gunia la vigingi. Ni wakati ule ule Bwana Pima alipotengeneza kamio yenye nyumba. Msicheke, niliiona. Alichukua kamio ya zamani, gari la kubebea mizigo, mugongoni akaijengea chumba cha mbao na bati, vitanda vinne kama rafu za duka, kabati, meza ya kukunja, dirisha lenye pazia la maua. Alipima kila kitu isipokuwa urefu wa kwenda juu. Kwenye njia ya Pangi watu walitoka mashambani wakipiga kelele, "Nyumba inatembea! Nyumba imechoka na Kindu!" Paa lilikuwa linakata matawi na kuvuna kila tulipopita. Tulifika Pangi na mikungu miwili ya ndizi juu, na kuku mumoja ambaye mpaka leo hatujui alipandia wapi. Na joto ndani! Siku ya kwanza walijaribu kulala muchana kidogo, wakatoka wote wanne wekundu kama mawese. Tangu siku ile nyumba ya kamio ikalaza viatu na makopo, na wenyewe wakarudi ndani ya hema yangu. Nilijifanya kusikitika.

Sasa Elila.

Likizo moja ya kiangazi Bwana Pima alikwenda kutazama daraja upande wa Pangi, na familia nyuma. Tukafika mahali mto Elila unapokunja, na pale kwenye kona iko muchanga mweupe, mupana, kama muntu aliutandika. Mitumbwi kama kumi imevutwa juu. Pembeni akina mama wamezungushia mawe ndani ya maji, wanaloweka mihogo. Juu ya muchanga kuna kiwanja cha udongo mweusi na miti mikubwa ya kivuli. Madamu kwao wanakaa karibu na bahari. Aliposhuka kwenye kamio alikimbia mpaka majini na rinda lake lote. Bwana Pima akanitazama. Nikajua tutakaa siku nyingi.

Nikalala, nikahesabu mia. Mugongo ukakubali. Kiisha nikaenda kwa akina mama kuuliza mahali ni pa nani. Mama mumoja akasimama na muhogo mukononi, mama wa miaka ya kati, mabega ya kupiga kasia. Mama Wabiwa. Yeye njo aliyekuwa mukubwa wa pale majini, ananyamazisha hata wanaume wa mitumbwi.

"Pa sisi," akasema. "Mulale. Lakini muzungu wako asitukanyagie mihogo."

"Hatakanyaga, mama."

"Na wewe pia. Iko na miguu mikubwa."

Nikarudi kwenye kamio kuchukua gunia la vigingi. Gunia lipo, vigingi havipo. Nikatazama huku na huku, nikasikia harufu ya kahawa. Paulo, mupishi wetu, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto muzuri, moto wa muti mukavu sana.

"Paulo, ni kuni gani hizo?"

"Kuni za gunia. Nilisema Amisi leo amekuwa muntu, ameniletea kuni kavu."

"Paulo! Hizo ni vigingi!"

Akakitoa kimoja, kinawaka ncha. "Hiki bado kina nusu."

Sikumpiga. Ninaandika hivyo kwa sababu wengine wanasema nilimpiga. Nilimurushia kifuniko cha sufuria, na hakikumpata.

Jua lilikuwa linashuka, mawingu yanakuja, Madamu na watoto hawana pa kulala. Pale kando ya njia ulisimama muti ule wa magome ya nguo, ambao wazee walipiga magome yake wakavaa kabla ya kaniki kufika. Matawi yake yamenyooka kama yalitengenezwa kwa kazi. Nikakata vigingi kumi na vinane, vibichi, vinatoa maziwa. Nikavichonga ncha, nikavipiga kwenye ule udongo mweusi, kamba zikakaza, hema ikasimama muzuri kuliko siku zote. Nilijisifu hata.

Tukakaa wiki tatu. Kiangazi cha kule hakijui kuwa ni kiangazi, mvua inapita inapotaka. Watoto waliogelea, wakawa weusi kidogo. Kitu kimoja kilimusumbua Madamu: mihogo. Mihogo ikilowekwa siku tatu inatoa harufu, sisi harufu ile inatuambia chakula kinakuja, yeye ilimuambia kitu kingine. Alikunywa kahawa na kitambaa puani. Siku moja nikitandika meza nikamsikia Bwana Pima anamuambia, na kwa vile alipenda kufanya mazoezi ya Kingwana, Kiswahili chetu, akanigeukia miye pia:

"Amisi. Hapa mimi nataandika serikali. Hapa ardhi iko tupu, hapana muntu. Natafanya kambi ya likizo, familia kumi ya wazungu, na lupango ya kufunga pande zote. Mitumbwi nataenda kule chini. Mihogo kule chini."

"Kule chini ni mawe, Bwana, na maji makali. Mutumbwi utapasuka."

"Watazoea."

Nikaweka sahani, nikaenda zangu nyuma ya kamio. Miye njo niliyeuliza ruhusa kwa Mama Wabiwa. Miye njo nilisema hatutakanyaga.

Kesho yake asubuhi nikazunguka kukaza kamba, kama kawaida, na kwenye kigingi cha kwanza nikaona kitu kijani. Nikafikiri ni jani limeangukia. Nikapuliza. Halikuondoka. Nikaenda cha pili, cha tatu. Vyote kumi na vinane vilikuwa vimetoa macho, vingine majani mawili, matatu, laini kama masikio ya panya. Nikashika kimoja nivute. Kilikataa. Kimeshashika mizizi chini.

"Wee! Acha!" Mama Wabiwa alikuwa nyuma yangu na kikapu kichwani. "Unang'oa muti uliopanda mwenyewe? Nani alikulea?"

"Mama, si muti, ni kigingi."

"Kigingi kina majani?" Akaita wenzake, wakaja wote, wakasimama duara, wakacheka mpaka mumoja akakaa chini. Kiisha Mama Wabiwa akaniambia, na sasa hakucheka: "Sikia. Kwetu muntu hapandi muti huu hovyo. Anaupanda pale anapokuja kukaa. Ukishika, amekubaliwa, njo muntu wa hapo. Ukikauka, arudi kwao. Wewe umepanda kumi na minane na yote imeshika. Sijapata kuona muntu anapendwa na udongo hivyo. Sasa nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani?"

"Ya kwako! Unaweka miti unakimbia, kama muntu anayeita wageni halafu anafunga mulango?"

Hapo nikamuelewa Feruzi na maneno yake ya kigingi kibichi. Nikamuambia Mama Wabiwa habari ya lupango na familia kumi. Nilisema nikitazama miguu yangu, ile mikubwa. Mama Wabiwa akashusha kikapu. Akasema tu, "Jenga, Amisi. Jenga upesi."

Kuezeka si kazi yangu ya zamani? Siku mbili, fito na majani, wanaume wa mitumbwi wakanisaidia, nyumba ndogo ikasimama nyuma ya hema, kando ya mustari wa miti ile. Bwana Pima akapita, akaipima urefu na upana, akafurahi. "Muzuri! Hii natakuwa magazini ya kambi." Nikajibu ndiyo Bwana. Mungu ananijua, sikusema ya nani. Tulipoondoka nilifungua kamba tu, vigingi nikaviacha palepale. Bwana akauliza vigingi viko wapi. Paulo akasema vimeungua. Hakudanganya kabisa.

Mwaka ukapita. Kila nilipopata siku za mapumziko nilipanda kamio za watu mpaka Elila, nikapalilia, nikarudisha majani kwenye paa. Akina mama wakanipandia mihogo pembeni. Miti ikanipita urefu.

Kiangazi kikafika, na Bwana Pima akaja kweli, na Madamu, na muzungu wa serikali, muntu wa vipimo vya ardhi, mwembamba, ana kitabu kikubwa na miwani. Miye niko kwenye kamio nyuma, juu ya hema. Watu wa mitumbwi walishasikia, wamesimama kwenye muchanga, wanaume, wanawake, wameacha kazi.

Bwana Pima akaonyesha kwa mukono. "Tupu. Pori tu."

Yule wa kitabu akatembea mpaka kwenye miti. Akatazama mustari mumoja, akazunguka, akatazama wa pili. Alikuwa anajua Kingwana kuliko Bwana wangu.

"Pori haijui kupanda kwa mustari," akasema. "Nani alipanda hii?"

Watu wote wale wakanitazama miye. Bwana Pima akafuata macho yao, naye akanitazama. Niliona kazi yangu yote, kamba zangu, hema yangu, naiona inakunjwa na kutiwa ndani ya gunia.

Mama Wabiwa akasema kwa sauti, "Ulimi wake tumeuloweka na mihogo ao nini?"

"Miye," nikasema. "Miye nilipanda, Bwana. Na ile nyumba ni yangu. Na mihogo ile."

"Wewe iko kapita yangu!" Bwana Pima akapiga kelele.

"Ndiyo, Bwana. Kule kazini niko kapita yako, musimamizi wa hema zako. Hapa niko kwangu, na hawa ni jirani zangu, na mahali pa mitumbwi ni petu sisi wote."

Yule wa kitabu akaingia ndani ya nyumba, akakuta mafiga, majivu, chungu, mukeka. Akauliza nani anamujua muntu huyu kuwa anakaa hapa. Mikono ikapanda yote, hata ya wavuvi wawili waliokuwa wanapita tu kutoka mbali na hawajapata kuniona. Akaandika muda murefu. Kiisha akafunga kitabu, akamuambia Bwana Pima kwa kifaransa maneno mafupi. Paulo, anayejua kifaransa cha jikoni, akanitafsiria: "Anasema hapa si tupu."

Yule wa kitabu tulimuacha Pangi, na kurudi Kindu ilichukua siku mbili, sababu ya daraja bovu. Bwana Pima, Paulo na miye tulikaa mbele pamoja, bega kwa bega, na Bwana hakunisemesha. Alisema, "Paulo, ambia Amisi akaze kamba." Paulo ananigeukia, pua yake karibu iguse yangu: "Amisi, unaambiwa ukaze kamba." "Paulo, ambia Bwana imekazwa." Madamu alikuwa nyuma, ndani ya nyumba ya kamio, na nilimsikia anacheka mpaka anakohoa.

Tulipofika Bwana akaninyang'anya nyundo ya vigingi. Nikakaa nyumbani, nikaanza kuulizia kazi ya kuezeka. Baadaye nikasikia walitafuta muntu mwingine, na kwenye njia ya Punia hema ilimuangukia Bwana Pima kichwani wakati wa supu. Wiki ile ile nyundo ikarudishwa kwangu na Paulo. Hakukuwa na barua, hakukuwa na maneno. Bwana naye hakutaja Elila, miye pia sikutaja. Tulifanya kazi namna hiyo, kama watu wawili wanaobeba kitanda bila kuonana.

Likizo iliyofuata akanipa mapumziko, akasema familia itakwenda mahali, hajui wapi. Nikaenda zangu Elila. Siku ya tatu niko mbele ya nyumba yangu na Mama Wabiwa, tunamenya, nikasikia matawi yanavunjika barabarani, nikaijua ile paa. Kamio ikasimama. Bwana Pima akashuka, akaja mpaka kwenye mustari wa miti yangu, na pale akasimama. Nafasi ya kupita ilikuwa wazi, angeweza kupita kama alivyopita kwenye mashamba na viwanja vya watu miaka yote.

"Hodi," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno lile kwa muntu. Mama Wabiwa akaninong'oneza nisijibu haraka, basi nikamaliza muhogo niliokuwa nao, nikafuta kisu, nikasimama.

"Karibu, Bwana. Mitumbwi ibaki palepale, mihogo ibaki palepale. Hema tutaitafutia nafasi."

Akatikisa kichwa kwamba amekubali. Madamu yeye alikuwa ameshashuka upande wa pili na watoto wake wawili, viatu mukononi wote watatu, wanangoja nimalize kusema.